Anzieni Juu: Mwongozo Kamili wa Kikundi cha Mtaa Mlimani Mwanza, Kuanzia Bati Hadi Ziwani

Mwaka wetu wa kwanza tulifagia mtaro. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tulishuka bondeni na makoleo na toroli, tukazoa mchanga, chupa na nepi mpaka sakafu ya mtaro ikaonekana. Ikaja mvua moja ya Novemba, ya saa nzima tu, mtaro ukajaa tena hadi ukingoni. Mama mmoja anayeuza maandazi pale chini alitutazama tukianza upya, akasema: "Wanangu, mnahangaika na mkia. Kichwa kiko kule." Akanyoosha mkono kuelekea mabati yaliyopandana juu ya mawe.

Mwongozo huu umezaliwa na maneno yale. Nawaandikia wakazi wa milima ya Mwanza, Mabatini, Igogo, Bugarika, Isamilo, Kitangiri, na wengine wa kando ya ziwa wenye nyumba kwenye mteremko. Huku kwetu nyumba, mkaa na taka ni shauri moja, kwa sababu vyote hushuka. Maji ya bati lisilo na gata hukata udongo wa jirani wa chini. Mteremko uliokatwa miti kwa ajili ya kuni huachia mchanga. Mchanga na chupa hufika Mto Mirongo, na Mirongo humwaga Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunalochota maji ya kunywa. Basi anzieni juu, na anzieni na paa.

Tembeeni mlima kabla ya kuandika katiba

Chagueni asubuhi moja ya kiangazi. Watu sita wanatosha: mjumbe wa serikali ya mtaa, fundi ujenzi, kina mama wawili wanaoujua mtaa nyumba kwa nyumba, na vijana wawili wa kuandika. Pandeni hadi nyumba ya mwisho, kisha shukeni taratibu mkifuata njia ya maji. Pigeni hodi, waamkieni wazee, mjieleze, halafu ulizeni maswali manne tu. Bati linavuja wapi? Mkaa wa wiki ni shilingi ngapi? LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya mwezi ni shilingi ngapi? Mvua ikinyesha, maji yanakuja kwako kutoka kwa nani, na yanaondoka kwenda kwa nani?

Swali la nne huamsha ugomvi wa miaka mingi. Msiamue kesi siku hiyo. Andikeni kila mtu alivyosema, mpige mstari kwenye ramani, msonge mbele. Ramani yenyewe si lazima iwe ya kitaalamu. Yetu ya kwanza ilichorwa nyuma ya kalenda ya ukutani, na hadi leo ndiyo tunayoikunjua kwenye vikao, kwa sababu kila mtu anaiona nyumba yake.

Kuna jambo moja halingoji kikao. Mkikuta jiwe kubwa limekalia mawe madogo, na chini yake kuna mtu anaponda kokoto au anachimba msingi, mpelekeeni mtendaji wa mtaa taarifa ya maandishi siku hiyo hiyo, mbaki na nakala. Kikundi kisijaribu kusogeza jiwe wala kulipasua kwa moto. Anayeponda kokoto anatafuta mlo wa watoto, kwa hiyo nendeni kwake kwa heshima mkajadiliane sehemu nyingine ya kufanyia kazi.

Usajili

Hapa wengi hupoteza mwaka mzima. Anzeni kama kikundi cha kijamii kwenye halmashauri yenu, Nyamagana au Ilemela, kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mtahitaji katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama na barua ya utambulisho kutoka mtaani. Shirika kamili lisilo la kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, lina taarifa za kila mwaka na gharama zake. Lisubiri mpaka kazi iwe imewazidi kimo. Fungueni akaunti yenye waweka saini watatu, mmoja wao awe kijana, na kila mwezi bandikeni mapato na matumizi ukutani kwa kalamu nene.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ule ni wa biashara na unarudishwa. Msikope ili kumwezekea bibi bati. Kopeni kwa kazi inayoingiza fedha, kama mkaa mbadala nitakaoueleza mbele.

Nyumba ya kwanza

Chagueni nyumba moja, ya juu, yenye mtu anayehitaji kweli: mjane, mzee anayelea wajukuu, mwenye ulemavu. Moja tu. Iishe vizuri watu waione.

Kabla ya nyundo, ulizeni nyumba ni ya nani. Mpangaji wa kwanza tuliyemtengenezea paa alipandishiwa kodi miezi miwili baadaye, akahama na watoto wake, na bati tulilolichangia likabaki likimfunika mwingine. Niliumia sana, na nilijua kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukuandikishana kitu. Sasa hatugusi nyumba ya kupanga mpaka mwenye nyumba asaini, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba hatapandisha kodi wala kumtoa mpangaji kwa miaka miwili. Mwenye nyumba akikataa, tunamuaga kwa adabu na kwenda nyumba inayofuata.

Fundi akishapanda, akague mambo haya. Misumari ya bati ikae kwenye mgongo wa bati, kamwe isiwe kwenye bonde, na iwe na raba chini ya kofia. Bati lipandane na mwenzake kwa mgongo mmoja na nusu, na mwisho wa bati upande juu ya jingine kwa sentimita 15 au zaidi. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya mnene au vipande vya nondo vilivyoshikwa na zege. Upepo unaotoka ziwani na mvua ya radi huingia chini ya paa na kulinyanyua. Mawe na matairi yaliyowekwa juu ya bati hayazuii kitu, na paa likiruka nayo huruka. Mkishalifunga paa vizuri, yashusheni.

Ufa ukutani usiupige lipu kwa haraka. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe, rudi baada ya mwezi, na urudi tena baada ya mvua kubwa. Ufa ukivuka alama, tatizo liko kwenye msingi, na mara nyingi ni maji ya jirani wa juu yanayochimba chini yake. Lipu itauficha tu mpaka ukuta uje chini.

Kwa joto la bati, fungueni matundu ya hewa juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana, yawekwe nyavu za mbu. Ukipatikana uwezo, rangi nyeupe juu ya bati hupunguza joto ndani. Siling bodi husaidia zaidi, lakini ni ghali, na sisi huiweka mwisho.

Halafu gata, ambayo naiona ni kazi muhimu kuliko zote kwenye mlima huu. Hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya mraba ya bati ikinyeshewa milimita moja ya mvua inatoa lita moja ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni ya kawaida msimu wa masika, inamwaga lita 960 kutoka paa hilo moja. Hiyo ni simtenki ya lita elfu moja karibu ijae. Zidisheni kwa nyumba thelathini za mstari mmoja, mtaelewa nani aliyekuwa akijaza mtaro wetu.

Gata iteremke sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tenki au pipa. Maji ya dakika za mwanzo yamwageni, maana yanabeba vumbi na vinyesi vya ndege. Yanayofuata ni ya kufulia, kuosha vyombo na kumwagilia, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Tenki likijaa, bomba la ziada lielekezwe kwenye mtaro uliojengwa. Usilielekeze kwenye kichochoro cha mwenzako. Mtaro wenyewe uwekewe mawe ya kuvunja kasi kila baada ya hatua chache, maji yashuke kama mtu anayeshuka ngazi.

Na choo. Wapo wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha, wakifungulia shimo ili mvua ibebe. Anayefanya hivyo mara nyingi hana fedha ya gari la kunyonya, na gari lenyewe haliwezi kupanda huku. Kipindupindu hakimchagui wa juu wala wa chini. Kaeni na afisa afya wa kata mwulize kama mtaa wenu umo kwenye mpango wa mabomba madogo ya majitaka ambayo mamlaka ya maji, MWAUWASA, imeyapeleka kwenye baadhi ya milima. Mtaa ukiwamo, msaidieni kila kaya kuunganishwa. Kama haumo, pelekeni ombi lenye saini za kaya zote. Kando ya mto na ziwa kumbukeni pia Sheria ya Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Msitumie nguvu za kikundi kujenga ukuta ambao kesho utabomolewa.

LUKU: tafuteni uniti zinakokwenda

Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Sasa fikirieni nyumba ya wapangaji wanne wanaotumia mita moja, kila mmoja uniti 30. Jumla ni 120. Za kwanza 75 ni shilingi 7,500, na 45 zilizobaki ni 15,750, jumla 23,250. Kila mmoja angekuwa na mita yake ya TANESCO, uniti zile zile 120 zingekuwa shilingi 12,000. Sabmita za ndani huondoa ugomvi wa nani katumia nini, ila bei haibadiliki kwa ajili yake. Mkiwa na hesabu hii kwenye karatasi, mwenye nyumba huwasikiliza.

Ndani ya chumba, mla umeme mkubwa kwetu ni hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Kuchemsha ndoo ya lita 20 mpaka itokote kunakula karibu uniti mbili. Kila siku kwa mwezi, umeshapita uniti 50. Maji ya kuoga hayahitaji kutokota, yanahitaji kupashwa tu. Tena tuna mawe: madumu meusi yakiachwa juu ya jabali tangu saa sita mchana, jioni maji ni ya moto wa kutosha kumwogesha mtoto. Mama mmoja wa huku juu amefanya hivyo miaka yote bila kuambiwa na mtu, na tulijifunza kwake.

Baada ya hita angalieni pasi (pigeni za wiki kwa mkupuo mmoja), taa ya nje inayowaka mpaka asubuhi, na friji yenye raba iliyochoka mlangoni. Raba pimeni kwa noti: ifungieni mlangoni, mkiivuta ikatoka bila ubishi, raba imekwisha. Taa badilisheni ziwe za LED. Ile ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 haifiki uniti moja na nusu.

Nyaya zilizounganishwa kwa mkanda na kupita juu ya bati ni hatari ya moto na ya kumpiga mtu shoti. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, na gharama yake iingie kwenye bajeti ya nyumba tangu mwanzo.

Mkaa: pimeni kwa mizani

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034. Ni lengo jema na naliunga mkono. Ila leo jioni, kwenye vyumba vingi vya mlimani, kande itapikwa kwa mkaa, na ni wajibu wetu kuanzia pale mama alipo.

Fanyeni jaribio moja hadharani, uani kwa mtu. Chukueni majiko mawili, la bati tupu na jiko banifu lenye udongo ndani. Kila moja lipewe kilo moja na nusu ya mkaa, iliyopimwa kwa mizani ya duka. Sufuria mbili zinazofanana, maharage yaliyotoka gunia moja, kiasi kimoja, maji kiasi kimoja. Maharage yakiiva, zimeni mkaa uliobaki kwa kuufunika, upoe, upimwe. Kijana aandike namba ubaoni mbele ya watu. Tulipofanya hivi, kina mama waliacha kutusikiliza sisi wakaanza kuulizana wenyewe, na huo ndio wakati niliojua kazi imeanza.

Siku nyingine rudieni kwa maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Yakishatokota kwa nguvu robo saa, sufuria ifunikwe, itiwe kwenye kapu lililojazwa mablanketi makuukuu, lifungwe kabisa. Yanaendelea kuiva bila moto kwa muda wa saa tatu au nne. Kabla ya kula yarudisheni jikoni yachemke tena. Anayemudu sufuria ya presha ya umeme ataivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa kaya iliyo ndani ya uniti 75 hiyo ni nafuu kubwa kuliko mkaa.

Mkaa mbadala ni biashara nzuri ya vijana, kwa kuwa chenga za mkaa zimejaa kwa kila muuzaji na nyingi hutupwa. Kwa kilo 10 za chenga zilizochekechwa, pikeni uji mzito kwa kama kilo moja ya unga wa mhogo, mchanganye, mkande mpaka donge likibanwa kiganjani lisibomoke. Tengenezeni madonge, myaanike juani siku tatu hadi tano. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Nyakato, nendeni kuwauliza kuhusu mashine za kugandamiza mtakapokuwa na wateja wa uhakika. Msinunue mashine kabla ya wateja.

Onyo moja kwa kila nyumba, lirudiwe kila kikao: jiko la mkaa lisilale chumbani, hata kama mkaa ni mbadala, hata kama limebaki jivu na kaa moja. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Vijana wapewe daftari

Nimeona vijana wengi wakipewa fulana na fagio, wakapigwa picha, wakarudishwa nyumbani. Mwezi wa tatu hawaji, na wana haki. Kijana hukaa palipo na kazi inayomhitaji akili yake. Kwetu vijana ndio wanaopima mvua, wanaopima mkaa, wanaosoma mita, na kikao hakianzi mpaka wasome namba zao.

Kipimo cha mvua ni kopo lenye pande zilizonyooka na rula. Liwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, lisomwe saa moja kila asubuhi na kumwagwa. Milimita za kopo mara mita za mraba za bati: mtoto wa darasa la sita anakuambia lita ngapi zimeshuka jana kwa bibi yake.

Kwenye miteremko mitupu, wazee wa Kisukuma walituachia neno tayari: ngitili, eneo ambalo mifugo haliingii msimu wa mvua ili nyasi zikue. Tulifunga kipande kidogo cha mteremko kwa makubaliano ya mtaa, pasiingie mbuzi wala panga kwa misimu miwili ya mvua. Nyasi zilirudi zenyewe. Kwenye kingo za mitaro pandeni nyasi za vetiva, mizizi yake hushuka wima na kushika udongo. Mwarobaini huvumilia ukame wa Julai hadi Septemba. Embe na parachichi ziwekwe karibu na jiko, zinywe maji ya kuoshea vyombo. Mkuyu ni mzuri, ila upandwe mbali na ukuta. Kila mche uwe na jina la mtoto anayeutunza, maana mche wa wote hunywewa na jua.

Wapeni pia kitu cha kupenda. Kwenye majabali yetu anaishi mjusi ambaye dume lake lina kichwa na kifua vya rangi nyekundu ya waridi na mwili wa buluu. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, kwa jina la mji wetu. Watoto waliokuwa wakimpiga kwa manati sasa wanamhesabu kila Jumamosi, na wanajua jabali gani lina madume mangapi. Mkipata nauli ya boti, wapelekeni Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji lenyewe.

Kwa usafi wa ufukweni kuna sharti. Asiingie mtu majini peku. Kichocho kimo kwenye maji ya kina kifupi, kinabebwa na konokono, na hupenya ngozi. Buti na glavu kwanza, na asiye navyo afanye kazi ya nchi kavu. Chupa zikusanywe ziuzwe kwa kilo. Gugu maji likizolewa liachwe linyauke kwanza, maana zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kisha litiwe kwenye mboji.

Ratiba

Septemba ni ya mabati na gata, kabla ya vuli. Januari na Februari ni za misingi, ngazi na mitaro, kabla ya masika. Juni hadi Agosti, wakati mkaa mbadala unakauka haraka, ni miezi ya biashara na ya kuandaa miche.

Mvua kubwa ya kwanza ya vuli ikishuka, subirini radi ipite. Kisha watu wale wale sita wavae makoti, wapande na ramani iliyofungwa ndani ya nailoni, waanzie tena nyumba ya juu. Tazameni maji yanatoka bati gani, yanavuka kichochoro gani, yanaingia mlango wa nani. Palipo na mstari usiolingana na mliouchora kiangazi, chora mpya hapo hapo, na andika jina la nyumba. Hiyo ndiyo nyumba ya pili.